Usisaini Kambove kwa Sababu ya Mashine

Mume wangu Trésor, mpenzi wangu wa Kasungami uliyeko Kambove,

Nimeandika "mume wangu" nikasimama kidogo, nikacheka peke yangu. Neno hilo bado jipya mdomoni. Juzi sokoni muuza unga wa ugali aliniuliza, "Madame, bwana yako anapenda bukari ya mahindi ao ya muhogo?" Nikamjibu kwa sauti kubwa kuliko alivyohitaji, "Mume wangu anapenda ya mahindi!" Mama wa meza ya pembeni akaguna: "Eh! Ba bibi-arusi ba hii mwaka, kelele tu." Nilikwenda na unga wangu kichwani nikiwa nimefurahi kana kwamba amenisifu.

Barua hii naiweka wazi katika kundi la simu la familia zetu mbili, wasome wote. Najua ungependa nikuandikie pembeni. Lakini wote waliokushauri usaini ule mkataba wa kambini wamo humu ndani, na walikushauri kwa upendo, kwa kuwa tuliwaambia kwamba kompyuta yetu ya kazi, ile mashine, imekufa. Basi ni haki yao kusikia kwamba haikufa. Na baba yangu, ambaye ana sehemu yake katika habari hii, ameniruhusu kuisimulia. Kusema kweli ameniamuru.

Unakumbuka ile baridi ya Julai, tulipokuwa wachumba? Mimi nilikuwa nachapa barua na maombi ya watu kwenye sekretaria ya barabarani, na kazi ikiisha napita kwenye chumba chako cha montage, cha kuunganisha filamu za arusi, natafuta kila siku sababu mpya ya kupita. Siku moja nilikuletea viazi vitamu vya moto. Lubumbashi nzima ilikuwa imejifunika, watoto wanacheza nje na kofia za sufu, na wewe umefungua dirisha lote, umekaa mbele ya mashine na koti na skafu.

Nikakuuliza, "We, unataka kufa?"

Ukanijibu bila kugeuka, "Baridi ni feni ya bure, chérie. Kamata kiti."

Siku ile ndiyo ulinifundisha. Ulinieleza kwamba prosesa, ule ubongo wa mashine, hutoka kiwandani ikiwa imeambiwa itembee kwa mwendo fulani, na kwamba mtu mwenye subira anaweza kuiambia ikimbie zaidi kidogo, mradi aipe umeme wa kuitosha na asiache kuangalia joto lake. Ulipandisha hatua moja, ukajaribu. Ukapandisha nyingine, ukajaribu tena. Mimi niliona tunachelewa, nikakuambia upandishe prosesa na memori pamoja tumalize, viazi vinapoa. Ndipo ulipogeuka, ukanitazama kwa ule uso wako wa mwalimu: "Kintu kimoya, kisha unajaribu. Ukibadilisha bintu bibili, hautayua gani ilikusaidia na gani ilikuua."

Halafu ulichukua mkono wangu ukauweka ubavuni mwa mashine, pale hewa inapotokea. "Sikia. Inakimbia na haiwake moto." Mimi sikusikia chochote cha mashine, Trésor. Nilisikia mkono wako tu. Lakini yale maneno ya kitu kimoja yalibaki, na leo nayashukuru.

Unakumbuka zawadi ya baba? Nawakumbusha na wengine waliokuwa mbali na meza. Baba yangu ni mtu wa Mokambo na Katuba, anakwenda mpakani anarudi na bidhaa, anajua bei ya kila kitu na hajui kompyuta hata kidogo. Alisikia kwamba kinachokulisha ni mashine ya kutengeneza filamu za arusi, akaenda kule akawauliza wauzaji wanaipa nini mashine ili ipate nguvu. Wakamuuzia vijiti viwili vya memori, hivi tunavyoita barrette, vyenye taa za rangi zinazowaka na kubadilika. Akavifunga kwenye kitambaa cha meza. Siku ya arusi, mbele ya watu wote, akasimama na mikrofoni: "Mukwe wangu, mutoto yangu nimekupatia. Sasa nakuongezea nguvu ya kumulisha!" Mama zangu wakapiga vigelegele. Ukapiga magoti, ukavipokea kwa mikono miwili, na mimi ndani ya vile vitambaa vyeupe nikafikiri kwamba hakuna mwanamke Haut-Katanga nzima anayependwa na wanaume wawili kama mimi siku ile.

Wiki iliyofuata ulivipangusa, ukaviingiza karibu na viwili vyako vya zamani, ukawasha. Memori ikaonekana maradufu. Ukavipa vyote vinne mwendo uleule wa kasi uliokuwa umeuzoea. Mashine ikawaka, taa za baba zikacheza, ukamtumia sauti kwa simu: "Papa, mashini sasa inakimbia kuliko zamani!" Baba aliicheza sauti ile kwa kila mtu pale Katuba. Nasikia hata mshona viatu anaijua kwa moyo.

Kisha ikaja Oktoba na joto lake, na mashine ikaanza kutuonyesha uso wa buluu.

Mara ya kwanza ilizima katikati ya filamu ya arusi ya Furaha. Kwa wasioelewa: tukimaliza kupanga picha, mashine inatakiwa kuisaga filamu yote iwe kitu kimoja, na kazi hiyo inaikamua mpaka mwisho wa nguvu zake. Ilifika nusu, skrini ikawa buluu, ikajizima ikajiwasha. Ukaanza upya, ikaenda mbali kidogo, ikaganda. Ukaanza tena, ikamaliza, lakini bibi-arusi alipokuwa akiingia kanisani uso wake ulikatika ukawa miraba ya kijani. Mama Furaha, yule mama wa Kivu ya Kaskazini anayeuza maharage kwa jumla, alikuja mlangoni akiwa na sauti iliyotangulia gari lake:

"Fundi! Furaha atazala kabla nione vile aliolewaka?"

Ukamwambia, "Mama, mashini ina homa kidogo."

"Homa? Mupatie dawa ya kinini! Mimi nataka film."

Tulicheka alipoondoka, lakini uliacha kucheka kabla yangu.

Nilikutazama ukipigana, mpenzi wangu. Ulisema ni joto, ukafungua ubavu wa mashine na kuielekezea feni yetu ya chumbani, tukalala tukitoka jasho ili yenyewe ipate hewa. Ulisema ni vumbi jekundu la njia yetu, ukalitoa lote kwa brashi ya rangi. Ulisema ni umeme unaoshuka na kupanda, ukaazima stabilizeta ya rafiki yako. Ukaongeza umeme kwenye prosesa, ikapata joto zaidi. Ukaipunguza kasi. Ukafuta mfumo wote ukauweka upya. Ikitulia asubuhi, inatuangusha mchana.

Nami nikiwa nyuma ya kiti chako niliuliza, "Na zile za baba?"

"Za papa? Ah, zile ziko muzuri, chérie." Ukasimama ukaenda kunywa maji.

Siku nyingine nikauliza tena, ukaenda tena kunywa maji. Mwezi ule ulikunywa maji mengi sana, Trésor.

Wateja wakaanza kupeleka arusi zao kwingine. Ndipo ikaja habari ya Kambove: kampuni ya machimbo inatafuta mtu wa kutunza kompyuta na kamera za kambi, kwanza majaribio, kisha mkataba mrefu, malazi ndani ya ua, wake hawaingii. Ulifunga mkoba wako polepole. Nikakukunjia mashati nikiwa natabasamu kwa nguvu, maana shangazi zangu walinifundisha kwamba bwana anayesafiri hapewi machozi ya kubeba. Ulipokwisha kwenda nikalia ndani ya lile shati uliloliacha.

Juma lililopita ukanipigia ukasema majaribio yameisha vizuri, wanataka usaini Ijumaa ya juma hili. Nikauliza, unataka? Ukasema, "Kama mashini ingekuwa na nguvu, ningerudia ku nyumba leo." Kutoka hapo sikusikia kitu kingine chochote ulichosema. Nilikuwa tayari natazama kona ya sebule, pale mashine ilipokaa chini ya kitenge.

Asubuhi iliyofuata nikaifunua. Umeme ulikuwepo. Nikasema, kitu kimoja, kisha najaribu.

Kwanza nilirudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, katika ule ukurasa unaofunguka kabla ya mfumo, uliokuwa ukinionyesha kwa kidole. Prosesa mwendo wa kawaida, memori mwendo wa kawaida, vijiti vyote vinne ndani. Nikaipa ile filamu ya Furaha. Mpenzi wangu, ilisaga mpaka mwisho! Polepole kama bibi anayetoka misa ya kwanza, lakini ilifika. Nikajua mashine haina ugonjwa wa mwili. Kuna mahali tu tulikuwa tunaikimbiza isipoweza.

Nikapandisha prosesa peke yake mpaka mwendo wako wa Julai, memori sikuigusa. Ikaenda. Lakini mchana jua lilipopiga bati, joto lake lilipanda mpaka nikaogopa, nikaishusha hatua moja. Hapo joto likatulia. Kwa hiyo ulikuwa na haki, joto lilikuwa na sehemu yake: tuliipima mashine wakati wa baridi, dirisha wazi, halafu tukaidai vilevile wakati wa Oktoba. Ila joto pekee halikuwa jibu, maana wewe nawe ulikwisha kuipunguza prosesa kasi, na mashine ikaendelea kuanguka.

Nikagusa memori. Nikaipa ule mwendo wa kasi, nikaweka kile kipimo chako cha memori, programu iliyo kwenye flashi ya USB. Maji ya bukari yangu hayakupata hata muda wa kuchemka. Mistari myekundu ya makosa ilishuka kwenye skrini kama mvua.

Nilikaa chini, kwa kuwa nilijua kinachofuata, na nilijua kwa nini wewe hukukifanya.

Nikazima, nikachomoa waya, nikatoa vijiti vya baba nikaviweka juu ya kitambaa kilekile cha arusi. Viwili vyako peke yake, kwa mwendo wa kasi: visafi, hakuna hata mstari mmoja. Nikatoa vyako, nikaweka vya baba peke yake kwa mwendo uleule. Skrini ikawa nyeusi. Feni inazunguka, inasimama, inazunguka, inasimama. Nikabonyeza, wapi! Nikasema, basi, nimeiua mashine ya bwana, na bado hata picha za arusi hatujazitundika ukutani. Kisha nikakumbuka ile betri ndogo ya duara, kama kifungo cha koti, uliyosema ukiitoa mashine inasahau mabaya yote iliyoambiwa. Nikaitoa kwa kucha. Hukuwahi kuniambia ningoje muda gani, nikasali kumi moja ya rozari, na ya pili kwa usalama. Nikairudisha. Ikawaka!

Niliruka, Trésor. Jirani aliuliza kupitia ukuta kama nimeona nyoka.

Ndipo nikavigeuza vijiti vya baba nikasoma kibandiko chake. Mwendo ulioandikwa pale ni mdogo kuliko wa vyako. Nikavipa huo mwendo wake mwenyewe, nikapima kesho yake mchana wote, navyo vikawa visafi kama maji ya chupa. Havina kasoro. Vilitengenezwa kwa mwendo wa taratibu, nasi tulikuwa tunavivuta vikimbie.

Nami nina hakika uliona ile namba. Wewe husomi menyu, husomi ujumbe wa shangazi zako, lakini namba za mashine huachi kuzisoma. Uliiona. Ila kuvitoa kungekuwa kumrudishia baba mkwe zawadi yake. Na kuishusha memori yote kwenye mwendo wake kungekuwa kusema kwamba zawadi iliyopigiwa vigelegele imeipunguza mashine kasi, wakati ulikwisha kumwambia, na Katuba yote imesikia, kwamba inakimbia kuliko zamani. Kwetu mkwe hakai kiti kimoja na baba wa mke wake, hakosoi chakula chake, na kitu alichopewa naye hakipimi. Basi ukapima kila kitu ndani ya ile mashine isipokuwa hivyo viwili. Na kuliko kumtia baba yangu aibu, ukaenda Kambove.

Ningekuwa mke wa miaka mingi labda ningekasirika. Mimi nilikaa chini kwenye sementi nikavibeba vile vijiti mikononi, nikafikiri: mwanaume huyu anamheshimu baba yangu kiasi hiki, na mwanaume huyu ni wangu!

Lakini sikutaka kubadilisha kitu nyuma ya mgongo wa baba. Nikavifunga kwenye kitambaa, nikaenda Katuba. Nilimkuta akinywa chai, redio inasema, simu tatu mezani. Nikamweleza yote kuanzia mwanzo. Alisikiliza na kikombe hewani.

"Alipima vyote, isipokuwa byangu?"

"Ndiyo, baba."

"Na njo sababu alienda mpaka Kambove?"

"Ndiyo, baba."

Akaweka kikombe chini. Nikafikiri atakasirika. Akaanza kucheka kwa mabega, kisha kwa tumbo, mpaka kofia ikaanguka.

"Mutoto yangu, mi nilijenga ile kintu? Nilinunua ku Mokambo juu ya vile ilikuwa inawaka-waka! Muuzaji alisema inatia nguvu, nikafikiri ni kama vitamini." Akajifuta macho. "Baba ya mama yako alinipatiaka kinga, baiskeli. Muzuri, ya rangi nyekundu. Lakini usukani ilikuwa inavuta kushoto. Nilienda nayo ku kazi shingo imepinda, bantu wakasema nilizaliwaka vile. Siku moja muzee alinikuta mu njia. Akaniuliza, 'We, mukwe, shingo inakuuma?' Nikasema, 'Hapana, papa, natazama tu manyumba ya bantu.'"

Tulicheka wote wawili mpaka mama akatoka jikoni kuuliza nani amekufa. Baba alipomweleza, mama akasema tu, "Na ile kinga ulikataza hata fundi asiiguse. Bwana ya huyu mutoto iko sawa na weye."

Kisha baba akaokota kofia yake. Akasema kwa sauti ya chini, hii si ya kuchekesha: "Mi nilimupa ili mukae pamoja mukule. Sikumupa ili alale kwake na weye ulale kwako. Muambie avitoe, apatie hata kuku wachezee. Ao avipunguze mwendo, mi sina neno. Na umuambie mbele ya bantu yote, mi nisikie na yeye asikie."

Nimemwambia, baba. Mbele ya watu wote.

Nilirudi nyumbani nikiruka mashimo kama mtoto. Sikuwapa kuku vile vijiti. Nilirudisha vijiti vyote vinne ndani, nikavipa vyote mwendo ulioandikwa kwenye vya baba, prosesa nikaiacha pale nilipoishusha. Kesho yake kipimo cha memori kikaenda kutoka asubuhi mpaka watoto wa shule wakarudi, bila mstari mwekundu hata mmoja. Nikaipa filamu ya Furaha yote nzima. Ilichukua muda kidogo zaidi kuliko siku zako za Julai, kidogo tu, muda wa kuosha vyombo. Ikamaliza. Nikaitazama yote nikitafuta miraba ya kijani. Bibi-arusi aliingia kanisani na uso wake kamili. Nikarudia tena kesho yake katika joto kali, madirisha yamefungwa makusudi. Ikamaliza. Siku iliyofuata tena. Ikamaliza.

Mama Furaha alikuja kuchukua filamu akiwa amejitayarisha kugombana, unaona kabisa kwamba maneno amekuja nayo kutoka nyumbani. Nikamketisha, nikaicheza. Alipoona alivyokuwa akicheza yeye mwenyewe na ndugu zake mbele ya ukumbi, alisimama akaanza kucheza upya hapo sebuleni kwetu, viatu mkononi. Kisha akakaa akalia, kisha akauliza, "Fundi iko wapi?"

"Yuko Kambove, mama. Wanataka asaini."

"Asaini nini? Mutoto yangu wa pili anaolewa mwezi wa kumi na mbili! Muambie arudie. Na muambie mimi ndiye nasema."

Basi, nimekuambia na hilo.

Sasa nakuandikia mchana, mpenzi wangu, mvua ya kwanza imepita na njia yetu ya Kasungami imekuwa uji mwekundu. Naona mambo mengi tangu nilipokaa peke yangu na ile mashine. Mimi naongea mbio, wewe unanijibu kesho yake. Mimi nikiona shida nataka niipigie kelele, wewe unakwenda kunywa maji. Mwanzoni mwa ndoa nilidhani mmoja wetu lazima ajifunze mwendo wa mwenzake upesi, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye haraka, nilidhani ni wewe. Nisamehe kucheka hapa. Nitajaribu kukuuliza mara moja tu na kungoja. Nawe, nakuomba, siku nyingine ukiwa unaogopa kumwumiza mtu wa kwetu, niambie mimi. Mimi ni binti yake. Mimi naweza kumwambia baba kitu ambacho wewe huwezi, kama vile wewe unavyoweza kumwambia mama yako kwamba chumvi yake ni nyingi, na mimi namaliza sahani.

Wakubwa wa familia zetu mnaosoma, sisemi Kambove ni kubaya. Wapo watu wa heshima wanaofanya kazi kule na wanajenga nyumba. Kama Trésor atasema kwamba moyo wake unaipenda kazi ile, nitamkunjia mashati mengine, na safari hii nitatabasamu bila nguvu. Ninachoomba ni kimoja: asisaini kwa sababu ya mashine iliyokufa, kwa kuwa mashine iliyokufa haipo. Asisaini kwa sababu ya haya mbele ya baba yangu, kwa kuwa baba yangu anangoja kumcheka uso kwa uso na kumnywesha chai.

Nimeweka meza yako karibu na dirisha. Arusi mbili zimeshauliza nafasi, tatu pamoja na ile ya Mama Furaha, na nimejibu kwamba nitamwuliza mume wangu. Neno hilo tena! Sichoki nalo. Mashine inasaga kazi nyingine sasa hivi ninapoandika, na mimi nimeipa mgongo. Unajua ina maana gani hiyo kwetu sisi tuliokuwa tunakaa bega kwa bega tukitazama ile asilimia ikipanda, hata kukohoa tunaogopa.

Ijumaa watakuwekea karatasi mezani. Kabla hujashika kalamu yao, toka nje kidogo, nipigie. Sitakulilia, sitakuwa na maneno mengi, wewe unashangaa lakini nimeapa. Nitaweka simu karibu na ubavu wa mashine ikiwa kazini, usikilize muda wote unaotaka. Wewe mwenyewe ndiye utaniambia inasema nini.

Wako mwenye kelele na furaha, mwenye kitanda kikubwa mno kwa mtu mmoja,

Mke wako